Waliotazama Magharibi

Chumba cha sare cha bendi ya Shule ya Dry Elm hakina dirisha. Kina mlango mmoja, taa mbili za mirija, na makoti mia moja na arobaini ya sufu nyekundu yaliyoning'inia pande zote tatu, kila moja ndani ya mfuko wake wa plastiki. Humo ndimo walimompa Sajini Nelda Cantú pa kufanyia kazi, kwa kuwa ofisi ya mwalimu ilijaa wazazi na ukumbi wa mazoezi ulijaa watoto. Ukikaa mle robo saa unaanza kuona makoti yanakusogelea. Nelda alikuwa mle tangu saa mbili asubuhi, na sasa ilikuwa saa saba.

Juu ya meza ya kukunja, mbele yake, palikuwa na karatasi moja yenye mwandiko mzuri. Ilisema: Mimi, Weldon Kubala, kiranja mkuu wa bendi, ndiye niliyewaweka wapiga tarumbeta mguu sawa jana Jumanne na kuwaacha juani. Hakuna mwingine mwenye kosa. Chini yake sahihi, tarehe na saa.

Ungamo safi namna hiyo mpelelezi hulipata mara moja kwa miaka kumi. Nelda, badala ya kushukuru, lilimkera tangu alipolisoma.

Mambo yenyewe yalikuwa machache. Jana jioni wapiga tarumbeta kumi na wawili walisimama mguu sawa juu ya lami ya kuegeshea magari, pale bendi inapofanyia mazoezi ya Agosti, joto likiwa nyuzi mia na tano za Farenhaiti, kipimo cha Texas, yaani arobaini na zaidi za Selsiasi. Walisimama dakika ishirini na zaidi. Mmoja wao, Yadira Olvera, miaka kumi na minne, aliyekuwa kwenye bendi kwa wiki ya pili tu, alianguka. Wenzake kumi na mmoja hawakusogea hata unyayo, kwa sababu amri ilikuwa haijaondolewa. Sasa Yadira alikuwa hospitalini San Antonio, hana fahamu, mashine ikimsaidia kupumua.

Saa kumi kamili angefika mwendesha mashtaka msaidizi kuchukua ungamo lile. Weldon alitimiza miaka kumi na saba mwezi Juni, na Texas ukishafika hapo sheria haikuiti tena mtoto. Nelda akimkabidhi yule bwana karatasi, Weldon angetoka shuleni na pingu na kulala jela ya wanaume kwa kosa la kumdhuru mtoto. Asipomkabidhi, awe na kitu bora kuliko karatasi. Alikuwa na saa tatu.

Alianza na mwalimu wa bendi. Bwana Ledbetter aliingia ubavu, maana mwili wake na ule mlango havikuelewana, akakaa huku anajipangusa shingo kwa taulo.

"Miaka ishirini na sita nafundisha, Sajini. Sijawahi kupoteza hata kijiti cha ngoma."

"Jana saa kumi na moja jioni ulikuwa wapi?"

"Ofisini. Nagombana na watu wa mabasi kwa simu. Kamera si umeiona?"

Nelda alikuwa ameiona. Kamera pekee ya jengo hilo hutazama mlango wa ukumbi na meza ya maji, haifiki kwenye lami, lakini kupitia kioo cha ofisi humwonyesha mwalimu na simu yake kuanzia saa kumi na moja kasoro mbili hadi saa kumi na moja na dakika thelathini na tatu. Hapo Weldon anaingia mbio akipiga kelele, na kila mtu anatoka.

"Basi nieleze hili." Nelda alimsukumia daftari la joto. Kila saa mwalimu hupaswa kutoka nje na kipimajoto, asome, aandike. "Saa kumi na moja umeandika tisini na nane. Ulitokaje nje ukiwa kwenye simu?"

Ledbetter alilivuta daftari karibu.

"Nilijaza kwa mazoea," alisema.

"Kwa kubuni."

"Kwa mazoea, Sajini."

Kwa dakika kumi nzima Nelda aliamini amempata mtu wake. Alimbana huku na huku, akauliza maji, akauliza vivuli, akauliza nani alipanga nani akae wapi. Maji yalikuwepo, mapipa matatu ya barafu. Saa ya mwisho kila kundi hugawanywa na kiranja wake: wa fluti korido, wa ngoma nyuma ya jengo, wa klarineti chini ya miti. Tarumbeta walipata lami, kwa kura. Ledbetter alikuwa na kosa lake la kujibu kwa wakubwa wake, tena kosa la aibu, lakini hakuwa ameweka mtu mguu sawa kwa njia ya simu.

"Anayetoa amri ya mguu sawa," Nelda aliuliza, ingawa alijua, kwani yeye mwenyewe alipiga klarineti shuleni hapo miaka minne, tena vibaya, "nani anaruhusiwa kuiondoa?"

"Yeye mwenyewe. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza kambini kwa viranja. Kiranja haondoi amri ya kiranja mwenzake mbele ya watoto. Ukiondoa, umemvua nguo. Mimi ndiye ninayewafundisha." Alisema kwa fahari.

"Na aliyeitoa akiondoka?"

"Haondoki."

"Akiondoka, Mwalimu."

Ledbetter aliacha kujipangusa. Taulo lilibaki shingoni. Nelda alimwambia anaweza kwenda, na aliondoka ubavu vilevile alivyoingia.

Wa pili alikuwa Jaylee Pruitt, miaka kumi na mitano, aliyesimama kushoto kabisa kwenye ule mstari. Kasoro Yadira, ambaye alikuwa kushoto kwake. Aliingia, akasimama wima mbele ya meza mpaka alipoambiwa akae, na alipokaa hakugusa mgongo wa kiti.

"Nani aliwaweka mguu sawa, Jaylee?"

"Weldon, madam."

"Ulimwona?"

"Ukiwa mguu sawa humwoni mtu, madam. Kidevu juu, macho juu ya upeo."

"Sauti yake ulisikia?"

"Kama Weldon amesema ni yeye, basi ni yeye."

"Weldon nimeshaongea naye, na mwandiko wake mzuri. Nakuuliza wewe. Masikio yako yalisikia sauti ya nani?"

"Mambo ya kundi hayatoki nje ya kundi, madam."

"Mwenzenu yuko kwenye mashine. Kundi limeshatoka nje, mwanangu."

Msichana alianza kulia kimya kimya, bila kujifuta, mikono ikiwa imetulia magotini. Nelda aliwahi kuona watu wazima wenye rekodi ndefu polisi ambao wasingeweza kukaa hivyo.

"Alipoanguka ulisikia?"

"Nilisikia tarumbeta yake. Iligonga lami kwanza. Halafu yeye."

"Ukafanya nini?"

"Hatugeuki, madam."

"Ulitaka kugeuka?"

"Nilitaka sana!" Sauti ilipanda, ikakatika. "Nilikuwa naomba kimoyomoyo mtu aseme mguu pande. Mtu yeyote. Hata mpita njia."

Kola ya shati lake ilimgusa shingo, akashtuka na kuivuta mbali. Nelda aliona. Alimwambia ainue kidevu kidogo. Chini ya taya, kote kooni hadi kifuani shati lilipoanzia, ngozi ilikuwa nyekundu, imevimba na kuanza kubabuka.

"Hii lini?"

"Jana. Mama kanipaka mshubiri."

"Geuka, nione kisogo."

Kisogo kilikuwa cha kahawia, kahawia ya wiki mbili za jua, haina jeraha wala uwekundu. Nelda alikitazama mpaka msichana akauliza kama kuna mdudu.

"Hakuna mdudu. Nenda ukanywe maji."

Alimfuata hadi ukumbini. Watoto walikuwa wamekaa kwa mistari, simu zao zimewekwa ndani ya sanduku mlangoni, na hakuna aliyekuwa akizungumza. Nelda alienda upande wa tarumbeta. Walikuwa kumi na mmoja, pamoja na Jaylee. Kiranja wao, Camryn Stroud, alikuwa amekaa mstari wa mbele pamoja na viranja wengine.

"Tarumbeta. Videvu juu."

Viliinuka vyote kwa pamoja, haraka mno, naye alijuta kwa namna alivyolisema. Alipita taratibu. Koo kumi na moja, zote nyekundu. Alizunguka nyuma. Visogo kumi na kimoja, vyote vya kahawia. Kisha alitoka nje.

Lami ya Dry Elm imechorwa mistari myeupe kama kiwanja cha mpira. Mnara wa kiranja mkuu, jukwaa la chuma lenye ngazi, urefu wa watu wawili, uko upande wa mashariki karibu na jengo. Ledbetter aliuweka hapo kwa huruma, ili watoto wanaomtazama kiranja jioni wawe na jua mgongoni. Nelda alisimama penye utepe wa watu wa gari la wagonjwa, pale Yadira alipoangukia, mita sitini kutoka mnarani. Akautazama mnara: jua la mchana lilikuwa limeanza kumwelemea kisogoni. Akageuka magharibi, akainua kidevu. Jua liliingia chini ya ukingo wa kofia yake na kumkaa kooni. Alihesabu dakika mbili kwa saa yake; ya tatu hakuifikisha.

Weldon alikuwa amemwambia asubuhi kwamba aliwaamuru akiwa juu ya mnara nao wamemwelekea. Uongo. Mtu aliwageuza wakaupa mnara mgongo, na mtu huyo alisimama huku mwisho wa lami, si kule juu.

Aliporudi chumba cha sare alifunga mlango nyuma yake, na hapo ndipo aliposoma kilichobandikwa upande wa ndani wa mlango, kitu alichokipa mgongo tangu asubuhi. Ilikuwa orodha ya akina mama wa sare, wale wanaopima na kurekebisha makoti: VIPIMO VYA MAKOTI, JUMANNE. Majina na saa, kila mtu dakika kumi. Mstari wa tano kutoka chini ulisema: Stroud, Camryn, saa kumi na moja na kumi. Pembeni, kwa kalamu ya kijani: mikono mirefu mno, imerudiwa yote.

Nelda alirudia mkanda wa kamera kwenye kompyuta yake ndogo. Saa kumi na moja na dakika tisa, Camryn anaingia mlangoni kwa haraka. Saa kumi na moja na thelathini na tatu, Weldon anaingia mbio, mwalimu anatoka, na nyuma ya mwalimu anatoka msichana amevaa koti zito la sufu siku ya joto la mia na tano, mikono imenyooshwa pembeni, pini za kushonea zikimeta kwenye mikono ya koti. Asubuhi Nelda alimwona na akampita, akidhani ni mambo ya bendi.

Camryn alikuwa na miaka kumi na sita, kwa hiyo maandishi yake yangengoja hakimu wa watoto. Nelda alimwita baba yake kutoka kwenye gari, akamkalisha chini ya makoti, kofia magotini, akawaeleza wote wawili kwamba haandiki kitu na kwamba wanaweza kuondoka wakati wowote. Camryn alikuwa msichana mrefu, uso mkavu wa kutolala.

"Niambie kuhusu pini," Nelda alisema.

Camryn aliutazama mlango, orodha, kisha baba yake.

"Usiseme kitu kwanza, binti yangu," baba alisema.

"Nimenyamaza tangu asubuhi, Baba. Siwezi tena." Akamgeukia Nelda. "Walikuwa wanacheka, madam. Tulipoteza mdundo mara tatu, halafu wanacheka. Nikawageuza, nikawaweka mguu sawa."

"Kwa nini magharibi?"

"Wasimwone Weldon. Alikuwa mnarani anafanya mazoezi ya kuongoza kwa mikono, na mashine ya mdundo. Wakimwona wanamwiga, basi kicheko hakiishi."

"Kwa muda gani?"

"Dakika tano. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilikaa kumi. Kila mtu hapa amekaa." Alisema kwa kujitetea, kisha akaonekana kusikia alichosema. "Mama wa sare akaniita pale mlangoni. Akasema nikikosa zamu yangu nitavaa koti la mwaka jana, lenye kiraka. Nikafikiri ni dakika mbili. Wakaniwekea pini mikononi, wakazitoa, wakaziweka tena. Nikiinua mkono zinanichoma. Niliwaambia nina watoto nje, wakaniambia tulia, mama, karibu tunamaliza."

"Hukumtuma mtu?"

"Kwa nini nitume mtu? Weldon yuko pale juu, anawaona. Nilijua atawaachia." Aliutazama tena mlango. "Nilijua kabisa atawaachia."

"Leo asubuhi mbona hukusema?"

"Nilikuja kusema. Nilipofika, Weldon alikuwa ameshaandika. Nikamwambia wewe una wazimu? Akasema nyamaza, hiyo ni amri ya kiranja mkuu."

"Ukatii."

"Ndiyo, madam."

Baba yake alikuwa ameinama, kofia anaizungusha magotini. Nelda aliwaambia wakae, wasubiri. Ilikuwa saa tisa na nusu.

Weldon alikuwa amewekwa kwenye kizimba cha ngoma, chumba kidogo chenye wavu wa chuma ambamo hufungiwa vyombo vya thamani. Hakuna aliyemfungia, aliingia mwenyewe, akavuta wavu nyuma yake. Alikuwa kijana mwembamba mwenye nywele za rangi ya majani makavu, amekaa juu ya sanduku la ngoma kubwa, mgongo wima. Nelda aliingia, akakaa juu ya sanduku jingine, magoti yao yakakaribia kugusana kwa ufinyu wa mahali.

"Haki zako nilikusomea asubuhi. Nakukumbusha. Unaweza kunyamaza, unaweza kumwita wakili, na baba yako anaweza kuja."

"Nimeshasema kila kitu, madam."

"Watoto walitazama upande gani?"

"Kwangu. Mashariki."

"Jua la saa kumi na moja liko wapi?"

"Magharibi."

"Basi liliwachomaje koo?"

Nje ya wavu, kiyoyozi kilinguruma, kikanyamaza.

"Camryn hakukusudia," kijana alisema.

"Najua. Ameniambia."

"Nilimwambia anyamaze!"

"Na mimi nilimwambia aseme. Tulia. Camryn ana miaka kumi na sita. Atasikilizwa na hakimu wa watoto, na baba yake pembeni. Wewe ndiye ungekwenda pabaya. Hilo ulilijua ulipoandika?"

"Ndiyo, madam."

"Ulijua na ukaandika."

"Mimi ni kiranja mkuu. Chochote kinachotokea juu ya lami ni changu."

"Hiyo mwambie mwalimu wako, atakupigia makofi. Mimi kazi yangu ni kujua nani alifanya nini." Nelda aliiweka ile karatasi juu ya goti lake. "Sasa, mtu hajitupi jela ya wanaume kwa ajili ya msichana ambaye hata si mpenzi wake."

"Si mpenzi wangu."

"Ndivyo nilivyosema. Kwa hiyo nikajiuliza, anakimbia nini huyu, mpaka jela anaiona nafuu? Wewe ulikuwa juu ya mnara, umetazama magharibi. Mbele yako migongo kumi na miwili, lami nzima haina mtu mwingine. Camryn aliondoka, ukamwona akiondoka. Ni kweli?"

"Ndiyo, madam."

"Dakika tano zikapita. Kumi."

"Nilidhani anarudi. Walikuwa watu wake."

"Yadira akaanguka."

Weldon alitazama sakafu. Kidole chake cha shahada kilikuwa kinapiga paja, taratibu, sawasawa.

"Ulimwona?"

"Niliona nafasi. Mstari una watu kumi na wawili, halafu kuna nafasi."

"Ukafanya nini?"

"Nilihesabu."

"Ulihesabu nini, mwanangu?"

"Midundo. Mashine ilikuwa inapiga. Nikasema nikifika thelathini na mbili Camryn atakuwa ametoka. Hakutoka. Nikaanza tena. Nikifika thelathini na mbili. Kila mara nilikuwa na hakika mara hii atatoka. Nikitoa amri mimi, watoto wake hawatamsikiliza tena mwaka mzima, ndivyo nilivyokuwa nafikiri. Mimi nilikuwa nafikiria hilo, madam. Nimeliona pengo, nami nafikiria heshima ya Camryn."

"Ulihesabu mara ngapi?"

"Kumi na saba."

Alijua bila kufikiri. Nelda alitoa kalamu.

"Mdundo wa mashine ulikuwa kasi gani?"

"Mia na ishirini kwa dakika."

Thelathini na mbili ni sekunde kumi na sita. Mara kumi na saba. Nelda alizidisha pembeni mwa daftari, akazidisha tena, kwa kuwa hakulipenda jibu. Sekunde mia mbili sabini na mbili. Dakika nne na nusu na vipande. Ukizitoa kwenye saa ya kamera, kila kitu kilikaa mahali pake, na baada ya siku nzima ya watoto waliolishwa maneno hilo lilikuwa jambo la kwanza aliloliamini bila shaka.

"Halafu?"

"Halafu nikashuka, nikapiga kelele mguu pande, nikambeba hadi kwenye barafu, nikakimbia ndani. Nilifanya yote kama tulivyofundishwa huduma ya kwanza. Yote sawasawa." Alisema neno hilo la mwisho kwa kinyaa.

Nelda alilikunja ungamo mara mbili na kulitia ndani ya bahasha, akaandika juu yake: limepingwa na ushahidi, angalia maelezo. Yule bwana wa saa kumi angekasirika, na angekasirika zaidi akisikia kwamba kesi yenyewe ni ya hakimu wa watoto, pamoja na mwalimu mwenye daftari la kubuni.

"Nenda nyumbani, Weldon."

"Kosa langu linaitwaje?"

"Halina jina. La kuandika uongo nimeshalimaliza, nimelifunga humu."

"Hilo la kuhesabu."

"Nimekwambia, sheria haina kitu hapo. Hukumweka wewe pale. Si mzazi wake, si mwalimu wake."

"Lazima kiwepo kitu." Alimkazia macho, na sasa alionekana mtoto kabisa. "Tafuta, madam. Tafadhali tafuta."

Ndipo wavu uliposogezwa. Alikuwa Bwana Ledbetter, na nyuma yake mwanamke mfupi mwenye aproni ya jikoni ya shule na nywele zilizofungwa juzi. Nelda alimtambua mara moja kwa picha aliyoiona ndani ya faili: Hortencia Olvera, mama yake Yadira. Alikuwa amerudi kutoka San Antonio kuchukua nguo safi za mtoto.

"Samahani, Sajini," Ledbetter alisema. "Nimemwambia asubiri. Amesema hana muda wa kusubiri."

"Anaendeleaje binti?" Nelda alisimama.

"Joto limeshuka. Bado hajafumbua macho, lakini limeshuka." Mama Yadira hakuwa anamtazama yeye. "Ni huyu? Ndiye huyu aliyembeba?"

Alipita kati ya masanduku ya ngoma, akaushika mkono wa Weldon kwa mikono yake yote miwili. Weldon alitaka kusimama, lakini nafasi haikuruhusu.

"Daktari ameniambia," mama alisema. "Amesema ni barafu ile. Amesema katika mambo haya ni dakika tu. Dakika tano zaidi pale juu ya lami, angeshanipigia simu ya namna nyingine. Usiku kucha nilikuwa nauliza nani, wananiambia kijana mmoja, kiranja wao. Nikasema sitaondoka mji huu sijamshika mkono. Mungu akulinde, mwanangu. Akulinde na mama yako."

Nelda alikuwa bado na kalamu mkononi. Angeweza kumtoa yule mama kwa upole; alikuwa na kila sababu ya kipolisi ya kumtoa. Hakumtoa.

"Nilichelewa, mama," Weldon alisema.

"Ulikimbia. Wameniambia ulikimbia mpaka ukaanguka mlangoni."

"Kabla ya kukimbia." Sauti yake ilikuwa imetulia, ya mtu anayetoa taarifa. "Nilimwona akianguka. Nilikuwa juu, namwona. Nilikaa dakika nne na nusu ndipo nikashuka."

Mama Yadira aliendelea kumtazama usoni, akitikisa kichwa kwa upole, na hakumwachia mkono. Alikuwa hajaelewa bado.